Mazda MX-5 iliyofungwa turbo: utatuzi wa hitilafu zinazojirudia katika mbio za klabu

Mazda MX-5 ya vizazi viwili vya kwanza, ile iliyotoka mwaka 1989 pamoja na mdogo wake aliyeundwa kuanzia 1998 hadi 2005, ni gari linalokubali turbo, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi, bila ubishi mkubwa. Ni jepesi, lina nafasi ya kutosha chini ya boneti, na injini zake za lita 1.6 na 1.8 ni ndugu wa damu wa zile ambazo Mazda yenyewe ilizifunga turbo katika 323 ya kuendesha magurudumu yote manne. Mwaka 2004 na 2005 kiwanda kiliuza hata MX-5 yenye turbo yake mwenyewe, ya nguvu farasi 178. Pamoja na hayo yote, gari lililofungwa turbo gereji na kukimbizwa dakika ishirini mfululizo huugua maradhi yanayofahamika, na malalamiko ya wenye magari haya yanafanana kiasi kwamba fundi mzoefu huanza kutikisa kichwa kabla mteja hajamaliza sentensi.

Maelezo haya yanaanzia pale ambapo gari limekwisha fungwa na linawaka. Yanachukulia kwamba injini ni ya 1.8, turbo ni ndogo ya ukubwa wa Garrett T25 au GT2560, intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) iko mbele ya rejeta, kompyuta ya injini inakubali kuandikwa upya, na presha inayotafutwa ni kati ya bar 0.6 na 0.8. Mwenye injini ya 1.6 atayatumia pia, ila apunguze tamaa kidogo, hasa upande wa difu.

Kabla ya kutumia fedha zaidi, soma kanuni za klabu yako. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, huzidisha ujazo wa injini ya petroli yenye turbo kwa 1.7, na vyama vingi vya kitaifa hufuata hesabu hiyo, kwa hiyo injini ya cc 1839 huhesabiwa kuwa ya cc 3126 na gari lako dogo hupangwa na magari makubwa. Mashindano ya MX-5 pekee, kama vile Spec Miata ya Marekani (Miata ni jina la MX-5 huko), hayaruhusu turbo kabisa. Nimeona mtu akimaliza miezi minane ya kazi nzuri, kisha akagundua siku ya ukaguzi kwamba hana daraja la kushindania.

Msimamo wangu katika utatuzi ni mmoja. Hitilafu nyingi zinazosingiziwa turbo, na nyingine zinazosingiziwa kompyuta, ni hewa inayovuja au joto lisilo na pa kwenda. Ndiyo maana katika kila dalili hapa chini spana, macho na maji ya sabuni vinatangulia, na kompyuta ya mkononi inasubiri zamu yake.

Vipimo vya kuanzia

Gari lisilo na kumbukumbu za vipimo vyake linatibiwa kwa kubahatisha. Pima mgandamizo wa kila silinda injini ikiwa ya moto, plagi zote zikiwa zimetolewa na kanyagio la mafuta likiwa limekanyagwa hadi mwisho, kisha andika namba hizo ndani ya kava ya daftari la gari. Tofauti kati ya silinda na silinda ina maana kubwa kuliko namba yenyewe. Ikizidi takriban bar 2, tatizo lipo tayari na turbo italikuza.

Kipimo cha pili hakigharimu chochote. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha soma kwenye kompyuta sensa ya presha ya menifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda. Mombasa au Dar es Salaam inapaswa kuonyesha takriban kilopaskali 101, na Nairobi takriban 83, kwa sababu ndiyo presha ya hewa ya mahali hapo. Ikionyesha tofauti kubwa, sensa imepotoka au imewekewa vipimo visivyo vyake, na kila utakachokisoma baadaye kitakuwa uongo.

Namba hizo mbili zina jambo jingine ambalo wengi hulipita. Springi ya kijilango cha turbo, kile kinachopitisha moshi wa ziada kando yake na ambacho gereji hukiita westigeti, hupima presha kwa kulinganisha na hewa ya nje. Springi ya bar 0.6 itakupa kilopaskali 143 Nairobi na 161 pwani. Gari lililotengenezewa Nairobi ramani, yaani jedwali la kompyuta la kiasi cha petroli na wakati wa kuruka cheche (taimingi), likishushwa pwani litaingia katika sehemu ya ramani ambayo halijawahi kuifikia na ambayo hakuna aliyeihakiki. Kwa upande wa pili, lile la pwani likipandishwa Nairobi na mwenyewe akalazimisha lifikie kilopaskali zile zile, turbo italazimika kuzunguka kwa kasi kubwa zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi. Ramani ihakikiwe upya pale utakapokimbilia.

Dalili: gari halivuti, presha haifiki

Kisababishi cha kwanza, kwa mbali, ni mpira wa hewa uliochomoka au kulegea. Baada ya siku chache ukungu wa oili hutanda ndani ya mabomba, mpira wa silikoni huteleza juu ya chuma laini, na klipu ya kawaida haina nguvu ya kuuzuia. Sikiliza mlio wa hewa inayofoka unapokanyaga, kisha zima gari na ushike kila kiungio kwa mkono, hasa vile viwili vilivyo chini ya intakula ambavyo havionekani mpaka uiname. Bomba lisilo na ukingo uliotuna mwishoni litachomoka tena hata ukikaza klipu mpaka ikatike. Lipelekwe kwa mchomeleaji aliwekee ukingo.

Usipoona kitu, fanya jaribio la kuvuja. Ziba mdomo wa turbo wa kuingizia hewa kwa kofia yenye valvu ya tairi, ziba pia mpira wa kupumulia unaotoka kwenye kava ya tapeti, kisha jaza hewa taratibu bila kuzidi presha ambayo gari hutumia. Nyunyiza maji ya sabuni kila mahali. Mwaka jana tulitafuta uvujaji siku nzima katika gari moja jeupe; tulibadilisha klipu zote, tukailaumu valvu ya kutolea hewa, tukaisafisha na kuirudisha. Jioni, taa ya mkononi ikiwa imeshikwa na mtoto wa jirani, povu dogo kama la mate ya mtoto mchanga lilianza kujikusanya chini ya injekta, kinyunyizio cha petroli, ya silinda ya tatu. Ilikuwa ringi ya mpira ya shilingi chache.

Kama mfumo hauvuji, hakikisha kwamba kanyagio likifika mwisho valvu ya hewa nayo inafunguka yote, kwa kuwa kebo ya MX-5 hurefuka na hakuna anayeikumbuka. Kisha angalia kijilango cha turbo: fimbo yake inapaswa kukivuta kidogo, kiasi cha milimita 2 hadi 3, kabla haijafungwa kwenye pini, vinginevyo moshi utapenya na turbo itachelewa kuamka. Baada ya hapo tafuta uvujaji wa ekzosi kabla ya turbo, ambao huacha alama ya masizi na mlio wa tiki-tiki injini ikiwa baridi. Turbo yenyewe ichunguzwe mwisho. Ishike shafti kwa vidole injini ikiwa imepoa: kuyumba kidogo kwa pembeni ni kawaida, lakini isisikike ikisogea mbele na nyuma.

Mapezi ya turbo yakiwa yamegusa nyumba yake, simama hapo. Vipande vya alumini huenda vimeshaingia kwenye intakula, na kuwasha injini tena ni kuvimeza.

Dalili: presha inapita kiasi

Hii ndiyo dalili inayoua injini kwa muda mfupi kuliko zote, kwa hiyo usimalize mzunguko wa uwanja ili kuona kama itarudia. Ondoa mguu, rudi taratibu.

Presha ikiruka ghafla mara tu turbo inapoamka, shuku mpira mwembamba unaopeleka taarifa kwenye kijilango. Huwa umeungua kwa kulala juu ya ekzosi, umepasuka, au umechomoka. Bila taarifa hiyo kijilango hakijui kwamba kinapaswa kufunguka. Ukiwa na valvu ya umeme ya kudhibiti presha, hakikisha matundu yake hayakuunganishwa kinyume. Baada ya hapo ijaribu aktueta, kopo linalosukuma fimbo ya kijilango, kwa pampu ya mkono yenye geji: ianze kusogea kwenye presha ya springi yake na isikwame njiani.

Presha ikipanda polepole kadiri mizunguko ya injini kwa dakika inavyoongezeka, bar 0.6 kwenye 4000 na bar 0.9 kwenye 6500, ugonjwa ni mwingine. Tundu la kijilango ni dogo kuliko moshi unaotaka kupita, na cha kuudhi ni kwamba ekzosi pana uliyoinunua kwa fedha nyingi ndiyo iliyolifichua tatizo. Hakuna namba ya kwenye kompyuta itakayoliponya. Tundu lipanuliwe na fundi wa turbo, au uhamie kwenye westigeti ya nje iliyokaa vizuri katika mkondo wa moshi. Wakati ukisubiri, weka kikomo cha kompyuta cha kukata petroli kiasi cha bar 0.15 hadi 0.2 juu ya presha unayoikusudia, na usikiongeze eti kwa sababu kinakukera.

Dalili: injini inanoki

Kunoki ni mchanganyiko wa hewa na petroli kulipuka wenyewe ndani ya silinda bila kungoja moto wa cheche. Sauti yake hufanana na kokoto chache ndani ya kopo la bati, lakini katika gari la mbio lisilo na zulia wala silensa ya maana hutaisikia. Wengi hulijua tatizo pale pistoni inapokuwa imekwisha pasuka ukingo wake. Ndiyo sababu sensa ya kunoki yenye vipokea sauti vya masikioni, au angalau utaratibu wa kuzisoma plagi baada ya kila kipindi cha kukimbia, si anasa.

Anza na petroli. Ramani iliyotengenezwa kwa petroli ya RON 98 (RON ni kipimo cha uwezo wa petroli kuhimili kunoki) haivumilii RON 95, na tanki lililojazwa kwenye kituo usichokijua njiani kwenda mashindanoni ni kisababishi cha kawaida sana. Ukishuku petroli, imwage yote. Kuichanganya na nzuri ni kujidanganya.

Kisha joto la hewa inayoingia. Intakula isiyozibwa pembeni huacha hewa ipite kando, kwa kuwa hewa hufuata njia rahisi. Soma sensa ya joto la hewa mwanzoni na mwishoni mwa kipindi: kama inapanda kila mzunguko wa uwanja na haishuki kwenye sehemu ndefu iliyonyooka, tengeneza kuta za bati au plastiki kutoka kwenye mdomo wa bampa hadi kwenye intakula bila mwanya unaopitisha kidole.

Tatu ni taimingi, na hapa ndipo ninapowakuta watu wengi wenye elimu nzuri wakiwa wamekosea. Kompyuta inaweza kusema nyuzi 12 huku injini ikichoma kwenye nyuzi 18, ikiwa sensa ya kamshafti ilizungushwa kidogo wakati wa kufunga. Kwenye MX-5 ya kizazi cha kwanza yenye kompyuta ya kiwandani, unganisha kwa waya matundu ya TEN na GND ndani ya kijisanduku cha ukaguzi, acha injini ya moto izunguke bila kukanyagwa, kisha tumia taa ya taimingi: alama isome nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Kwenye kompyuta ya kubadilisha, funga taimingi kwenye namba moja na uhakikishe kwamba taa inakubaliana nayo. Kazi hii ya dakika kumi ifanyike kabla ramani haijaguswa.

Nne ni uhaba wa petroli. Chini ya presha, uwiano wa hewa na petroli uwe kati ya 11.5 na 12. Uwiano ukianza kupanda juu ya mizunguko fulani, angalia asilimia ya muda ambao injekta ziko wazi. Zikivuka 85 zimefika mwisho, na injekta za kiwandani hufika hapo mapema sana. Zikiwa na nafasi bado, pima presha ya petroli chini ya mzigo, kisha volti zinazofika kwenye pampu. Katika kona ndefu, tanki likiwa chini ya robo, MX-5 huweza kuvuta hewa badala ya petroli, na dereva hudhani kompyuta imeharibika.

Kisababishi cha tano ni cha ndani zaidi, nacho ni silinda ya nne. Nitakieleza kwenye sehemu ya kuchemsha.

Toa plagi na uzitazame kwa kioo cha kukuzia. Vidoa vyeusi kama pilipili manga juu ya sehemu nyeupe ni onyo la kwanza. Chembe zinazometa ni alumini ya pistoni zako. Ukiziona, gari lipandishwe kwenye trela. Kinachofuata ni jaribio la kuvuja kwa silinda na kamera ya ndani, kazi ya mjenzi wa injini, si ya uwanja wa mashindano. Wenye injini ya 1.8 ya kuanzia 2001 wawe makini zaidi, kwa sababu uwiano wa mgandamizo wake ni 10 kwa 1, ilhali ile ya mwaka 1994 ni 9 kwa 1.

Dalili: injini inamisi ikibeba presha

Hewa iliyosongamana huzuia cheche isiruke. Plagi yenye mwanya wa milimita 1.1 inayofanya kazi vizuri mjini itazima kwenye bar 0.7. Tumia plagi ya baridi zaidi kwa daraja moja, kama NGK BKR7E, na mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7. Tatizo likibaki, badilisha waya za plagi, ambazo kwenye MX-5 huchoka mapema, kisha ndipo uzijaribu koili.

Kuna mtego hapa. Silinda isiyochoma hutoa hewa yake ikiwa na oksijeni yote, na sensa ya ekzosi huitafsiri hewa hiyo kuwa uhaba wa petroli. Mtu huongeza petroli, plagi hulowa, injini inamisi zaidi, naye anaongeza tena. Kama kipimo kinaruka ghafla juu na chini huku gari likikatakata, shughulikia cheche kwanza.

Injini ikikatika kwa ukali kwenye presha ile ile kila mara, kana kwamba umepiga ukuta, hiyo si kumisi bali ni kikomo cha kompyuta kinachofanya kazi yake. Rudi kwenye sehemu ya presha inayopita kiasi.

Dalili: gari linachemsha

Usiiamini geji ya dashibodi. Katika MX-5 sindano hukaa katikati kwa masafa marefu ya joto na husogea wakati mambo yamekwisha haribika; funga geji ya kweli yenye namba. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, hata kama mashindano yanaanza baada ya dakika tano.

Kisababishi cha kawaida ni kwamba intakula imewekwa mbele ya rejeta bila kuiongoza hewa. Ziba mianya yote kati ya bampa na rejeta, rudisha plastiki ya chini ya gari ambayo mara nyingi hutupwa wakati wa kufunga mabomba, na hakikisha feni zinavuta kuelekea upande wa injini. Kisha toa hewa kwenye mfumo wa maji, gari likiwa limeinuliwa pua, na ubadilishe kifuniko cha rejeta, kitu cha bei ndogo kinachodhaniwa kizima kwa miaka mingi.

Baada ya hayo ndipo tunafika kwenye silinda ya nne. Injini hii ilibuniwa kulala kwa upana ndani ya gari la kuvuta kwa mbele, maji yakiingia upande mmoja na kutoka upande wa pili. Ilipogeuzwa kukaa kwa urefu ndani ya MX-5, njia ya kutokea ilihamishiwa mbele ili ibane chini ya boneti, na matokeo yake maji mengi huingia na kutoka mbele, huku silinda ya nyuma ikipata mabaki. Kwa gari la kawaida hilo halina athari kubwa. Kwa gari lenye turbo linalokimbizwa bila kupumzika, silinda ya nne huwa ya moto kuliko wenzake na hunoki kabla yao. Tiba yake ni kuhamishia thamostati nyuma ya silinda hedi na kurudisha bomba la maji mbele hadi kwenye rejeta. Ni kazi ya siku nzima yenye kubana vidole, na ningeifanya kabla ya kununua rejeta kubwa.

Ikiwa maji yanapungua bila kuonekana yanapovujia, mipira ya maji inakuwa migumu muda mfupi tu baada ya kuwasha, au kuna moshi mweupe mtamu wa kunusa, gasketi ya silinda hedi imeachia. Usiwashe tena. Hedi ipelekwe kupimwa unyoofu wake na fundi mwenye vifaa vya kuisaga.

Dalili: moshi wa bluu na oili inayopotea

Kila mtu huwaza sili za turbo, nazo ndizo zisizo na hatia mara nyingi. Oili hushuka kutoka kwenye turbo kwa uzito wake tu. Bomba la kurudishia likiwa jembamba, likiwa na tumbo linaloshuka kisha kupanda, au likiingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) chini ya kiwango cha oili, oili hujaa ndani ya turbo na kutafuta njia kupitia sili ambazo ni nzima. Bomba liwe na kipenyo cha ndani cha takriban milimita 16, lishuke bila kusita, na tundu lake kwenye sampu liwe juu ya oili.

Kabla ya hapo, angalia upumuaji wa injini. Valvu ndogo ya kupumulia inayoelekea kwenye menifoldi ikishindwa kuziba, turbo hupuliza hewa ndani ya injini na oili husukumwa hadi kijiti cha kupimia kikainuka. Ukiipuliza kwa mdomo utajua: ipitishe upande mmoja tu. Turbo yenye beringi za gololi inahitaji pia kizuizi chenye tundu la takriban milimita 1 kwenye bomba la kupeleka oili. Ile ya bushi kwa kawaida haikihitaji, na anayekiweka humo anaweza kuinyima oili.

Mvujo wowote wa oili karibu na nyumba ya moto ya turbo ni hatari ya moto, si uchafu. Gari lisitoke mpaka mvujo huo umekwisha, na kizima moto kiwe pale ambapo dereva aliyefunga mkanda anakifikia.

Dalili: tiki-tiki, harufu ya moshi, bolti zilizolegea

Mwenye MX-5 ya turbo asiyewahi kukutana na dalili hii huwa hajakimbia vya kutosha. Mchana mmoja niliinua boneti baada ya kipindi cha pili nikakuta nati mbili kati ya nne zinazoshika turbo zimekaa juu ya kinga ya sampu, safi, hazina hata mkwaruzo, kana kwamba mtu amezifungua na kuziweka. Chuma chekundu kwa joto hurefuka, bolti ya kawaida hupoteza mvuto wake, nati huanza kuzunguka yenyewe.

Kagua kwanza kama kuna masizi kwenye kiungio, kisha kaza kwa spana ya kupimia nguvu injini ikiwa imepoa kabisa. Kama bolti zinalegea tena baada ya siku moja, usiendelee kuzikaza, kwa maana zimekwisha refuka. Weka bolti za aloi ya nikeli zinazohimili joto, nati zenye vibati vya kuzuia kuzunguka, na mkono wa chuma unaobeba uzito wa turbo na ekzosi ili menifoldi ya ekzosi isiachiwe mzigo wote. Uso wa menifoldi ukiwa umepinda, gasketi mpya itadumu wiki, upelekwe kusagwa. Ufa wa menifoldi ya chuma cha kusubu usichomelewe na yeyote mwenye mashine tu, kwa kuwa hupasuka tena pembeni ya mchomeleo.

Dalili: mizunguko inapanda, kasi haipandi

Ni klachi. Jaribu gia ya nne kwenye mizunguko 3000 ukikanyaga yote: sindano ikiruka bila gari kusogea, klachi ya kiwandani imeshindwa, na jibu ni kuweka yenye uwezo zaidi. Hata hivyo kumbuka kwamba klachi inayoteleza huvilinda vilivyo nyuma yake. Konrodi za kiwandani, mikono inayounganisha pistoni na krenkishafti, hupindwa na nguvu ya kuzungusha inayokuja mapema kwenye mizunguko ya chini, na wajenzi wengi waangalifu hawavuki takriban Nm 270 kwenye magurudumu bila kuzibadilisha. Giaboksi ya gia tano nayo huanza kulalamika karibu na hapo.

Difu ndogo ya MX-5 za mwanzo za 1.6 ndiyo dhaifu kuliko zote, na difu kubwa ya 1.8 huingia mahali pake pamoja na shafti zake. Kama bado unayo ile ndogo, mwaga oili yake baada ya kila siku ya kukimbia na uifute sumaku ya kizibo kwa kitambaa cheupe. Tope laini la kijivu ni la kawaida. Kipande kinachokwaruza kidole kimetoka kwenye jino la gia, na difu hiyo ifunguliwe na fundi wa difu kabla gari halijapelekwa tena mashindanoni.